Fleti finyu: mpangaji yupo, mnunuzi je?

Katika miji ambako ardhi ni ghali, wajenzi hugawa majengo katika fleti finyu zisizofika mita 20 za mraba, jiko, choo na kitanda vikiwa pamoja. Hong Kong inajulikana sana kwa biashara hiyo. Wiki hii tunaangalia faida na hasara zake kwa mwekezaji mdogo.

Faida ya kwanza ni mtaji. Fedha zisizotosha kununua fleti ya kawaida zinaweza kutosha fleti finyu. Ya pili ni wapangaji: vijana walioanza kazi hukubali kubanana ili wakae karibu na ofisi na kuokoa nauli. Ya tatu ni kodi, ambayo kwa kila mita ya mraba huwa kubwa zaidi.

Tuchukue mfano. Fleti ya mita 40 inapangishwa kwa sh. 400,000 kwa mwezi. Ukiigawa mara mbili, kila nusu ikapangishwa kwa sh. 260,000, unapata sh. 520,000. Kwa mwaka ziada ni sh. 1,440,000.

Hata hivyo, mpangaji wa fleti finyu hakai sana. Akioa au akipandishwa mshahara, anahama. Kila nusu ikikaa tupu miezi miwili kwa mwaka, umepoteza sh. 1,040,000. Ziada iliyobaki ni sh. 400,000, na hapo hujalipa dalali, rangi, wala gharama ya jiko na choo cha pili.

Hasara kubwa zaidi huonekana wakati wa kuuza. Bei za nyumba Hong Kong zilifikia kilele mwaka 2021, kisha zikaporomoka. Bei zikishuka, mnunuzi aliyekuwa akimudu fleti finyu tu huanza kumudu iliyo pana, na finyu hukosa mteja. Isitoshe, tangu 2022 serikali ya huko inataka fleti mpya katika viwanja inavyouza zisipungue mita 26 za mraba. Mwenye fleti ya mita 18 sasa anashindana na hizo.

Lipo pia suala la matengenezo. Jengo la Nakagin mjini Tokyo, lililokamilika mwaka 1972, lilikuwa na vyumba 140 vya mita 10 hivi kila kimoja. Vilikusudiwa kubadilishwa baada ya miaka 25 hivi, lakini havikubadilishwa. Jengo lilichakaa, wamiliki wengi wakashindwa kuafikiana, na mwaka 2022 likabomolewa.

Waswahili husema rahisi ghali. Anayetaka kununua fleti ya aina hii apige hesabu kwa kodi ya miezi 10, si 12. Kisha amuulize dalali swali moja: katika jengo hili, ni fleti ngapi zimekwisha kuuzwa mara ya pili, na kwa bei gani?