Fahamu: Kriketi ya daraja la kwanza ni ipi, na kwa nini Tanzania haina ligi yake?

Kijana wa Tegeta anayefuatilia kriketi kwenye simu amezoea Twenty20: ova 20 kila upande, na siku hiyohiyo mshindi anajulikana. Daraja la kwanza ni mtihani mwingine.

Ni ipi?
Kwa kanuni ya 1947, ni mechi ya siku 3 au zaidi, wachezaji 11 kila upande, na kila timu ina haki ya zamu mbili za kupiga. Katika mechi ndefu hivyo mpira huchakaa, na wachezaji husugua upande mmoja kwenye suruali ung'ae, na mrushaji aupindishe hewani. England ilirasimisha ligi yake ya daraja hili, ile ya kaunti, mwaka 1890.

Na kwetu?
Novemba 1963, timu ya pamoja ya Afrika Mashariki ilicheza mechi ya daraja hilo na klabu ya MCC ya Uingereza mjini Kampala. Mwaka 1975 timu hiyo ya Afrika Mashariki ikaenda Kombe la Dunia.

Kikwazo cha kuwa na ligi ni nini?
Muda, fedha na viwanja. Mchezaji mwenye ajira hawezi kuomba ruhusa ya siku tatu kila mara. Tuanze na mechi za siku mbili kwa vijana: uvumilivu wa mpigaji hujengwa mapema.