Lukuledi: Bonde lililopitiwa na vita viwili

Ukitoka Masasi mjini kwenda Nachingwea, unaipita Lukuledi njiani. Wasafiri wengi huona mikorosho, nyumba za matofali na kanisa, basi likasonga mbele. Wachache wanajua kwamba kijiji hicho kimetajwa katika vitabu vya vita vya Uingereza na Ujerumani.

Sababu kubwa ni bonde. Mto wenye jina hilohilo hushuka kati ya nyanda za Makonde na milima ya Rondo, ukaingia baharini Lindi. Kwa miaka mingi huku ndiko ilikopita misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, ili waanze maisha upya. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, wakaivamia Masasi na kuchukua mateka. Njia iliyoleta biashara ilileta na mikuki.

Wabenediktini Wajerumani walifungua misheni Lukuledi mwaka 1895. Haikudumu kwa amani. Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, dawa ya maji ya mganga Kinjikitile Ngwale, iliyoaminiwa kuzuia risasi, ilikuwa imekwisha kuenea kutoka Ngarambe hadi Liwale, na kutoka huko ikashuka kusini. Mwishoni mwa mwezi huo wapiganaji waliishambulia Lukuledi na Masasi, wamisionari wakakimbia. Tusiisimulie habari hii kama ya watu wote kuamka pamoja. Chifu Nakaam wa Chiwata, kwa mfano, alikaa upande wa Wajerumani, na jirani akajikuta akipigana na jirani. Ili kuvizima vita hivyo, askari wa serikali walichoma vyakula na mashamba kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Haikupita miaka 13, vita vikarudi, safari hii Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, majeshi ya Uingereza na Ujerumani yaliuana Mahiwa, upande wa chini wa bonde hilihili, katika mapigano yaliyokuwa miongoni mwa makali kuliko yote ya Afrika Mashariki. Siku chache baadaye Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akageukia Lukuledi, akawashambulia Waingereza waliokuwa wameshika misheni. Mwezi uliofuata alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Vitabu vya vita hivyo vinahesabu maofisa na mizinga. Mimi nawafikiria wapagazi. Waafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi hayo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, na majina ya wengi wao hayapo kwenye mnara wa kumbukumbu. Naifikiria pia mihogo na mtama wa Lukuledi vilivyoliwa na majeshi mawili yasiyolima. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa mafua uliozunguka dunia nzima.

Baada ya hapo mambo yalitulia, walau kwa bunduki. Ilikuja reli ya mradi wa karanga wa Waingereza kutoka Mtwara hadi Nachingwea, ikang'olewa miaka ya sitini mwanzoni. Vikaja vijiji vya ujamaa. Leo mazungumzo ni korosho, bei ya mnada na malipo ya chama cha msingi cha ushirika, na msimu wa mabibo una uraka, pombe yake.

Tarehe karibu zote nilizozitaja hapa tunazijua kwa sababu wageni waliziandika: mapadri, maofisa na wasafiri. Wayao, Wamakua, Wamwera na Wamakonde wa bonde hili nao wana masimulizi yao: nani alikimbilia wapi, ukoo gani ulirudi, nani hakuonekana tena. Wajukuu wa waliobeba mizigo mwaka 1917 ni wazee sasa. Walimu wa historia wa Masasi, wapeni wanafunzi wenu daftari na simu ya kurekodia, muwatume kwa wazee hao likizo hii.