Sabuni Isipotoa Povu

Huenda umewahi kunawa kwa maji ya kisima ukaona sabuni haitoi povu, ila inaacha utando mweupe kandokando ya beseni. Maji hayo huitwa magumu. Yana madini ya kalisiamu na magnesiamu kwa wingi, nayo huinasa sabuni kabla haijaunasa uchafu.

Msomaji, taabu hiyo hiyo imewasumbua wanasayansi wanaochunguza jinsi uhai ulivyoanza duniani.

Kila seli ya mwili wako imezungushiwa utando mwembamba wa mafuta. Pasipo huo, vilivyomo vingetawanyika. Utando wa leo ni tata mno, hivyo watafiti kama Jack Szostak wa Marekani huanza na kitu rahisi: asidi za mafuta, ambazo ndizo kiini cha sabuni. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Katika maji yanayofaa hujipanga zenyewe safu mbili, mikia ikitazamana, zikawa vifuko visivyoonekana kwa macho. Hizo ndizo seli za mfano. Si uhai bado.

Ndani ya vifuko walitaka RNA, molekuli ya urithi, ijinakili. Kazi hiyo huhitaji magnesiamu, nayo magnesiamu huvivunja vifuko! Mwaka 2013 Szostak na Katarzyna Adamala walionyesha kuwa sitreti, itokanayo na asidi iliyomo katika ndimu, huidhibiti magnesiamu, vifuko vikasalimika.

Mikononi mwako, mkia wa sabuni hushika mafuta na kichwa hufuata maji. Virusi vyenye koti la mafuta, kama vya korona, hupasuliwa. Kijidudu cha kipindupindu hung'olewa ngozini na kusombwa, ndiyo maana kusugua na kusuuza ni lazima.

Kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaunti ya Garissa, inalijua gonjwa hilo. Lilizuka katika kambi za Dadaab Novemba 2015, likarudi 2022, na mara zote mbili Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha kulitibu hapo Dagahaley. Kwa maoni yangu, mgao wa sabuni popote ukadiriwe kwa ugumu wa maji pia, si kwa idadi ya watu pekee, kwani kipande kinachotosha nyumba moja kwa maji laini huisha upesi kwa maji magumu.

Nawe, ikiwa maji yako ni magumu, ongeza sabuni hadi povu litokee, kisha sugua kwa sekunde 20, hata katikati ya vidole, utokapo chooni na kabla ya kumlisha mtoto. Maji ya mvua ni laini. Ukiyapata, yawekee kazi hii. Na mtu akiharisha majimaji mfululizo, mpeleke kliniki mara moja, ukimnywesha ORS njiani.