Jumba la Versailles na Mapango ya Kolo

Desturi ya kufunga safari ya siku moja kwenda kutazama majumba na bustani za wafalme imeenea sana duniani. Mgeni aliyefika Paris hupanda garimoshi asubuhi, na baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 20 hufika Versailles. Huko huandamana na kiongozi ainuaye kibendera juu ya kichwa chake ili kundi lisipotee, maana watu ni wengi mno. Hupitishwa chumba baada ya chumba, akisukumwa na walio nyuma na kuzuiliwa na walio mbele, mpaka Ukumbi wa Vioo. Kisha hutoka nje kuzitazama bustani alizozipanga Le Nôtre kwa amri ya Mfalme Louis wa 14. Jioni hurudi amechoka, na alisimulialo zaidi ni umati.

Hatusemi kwamba safari hiyo haina faida. Mtanzania ana sababu yake mwenyewe ya kuutazama ukumbi ule, kwani ndani yake, tarehe 28 Juni, 1919, ulitiwa sahihi mkataba ulioivua Ujerumani makoloni yake yote, nchi yetu ikiwemo. Hapakuwapo Mrangi, wala Mgogo, wala Msandawe aliyeulizwa neno lolote siku ile. Mfanyakazi naye atauliza swali ambalo viongozi wa wageni hawalijibu sana: Je, ni nani aliyechimba? Jina la mfalme limeandikwa kila mahali. Askari wa Kiswisi waliochimba ziwa kubwa la bustani ile hutajwa kwa pamoja tu, pasipo majina.

Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Katika Wilaya ya Kondoa, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha, kipo kijiji cha Kolo. Mgeni hupewa kiongozi hapo, akapanda naye vilima vya mawe vinavyotazama Bonde la Ufa. Hakuna foleni wala kibendera. Kiongozi husimama chini ya jabali lililoinama kama paa la nyumba, akanyosha kidole. Na polepole jicho la mgeni huanza kuona twiga, tembo na pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa, wote kwa rangi nyekundu itokanayo na udongo wenye chuma. Mahali pengine ipo michoro myeupe, ambayo wataalamu huihesabu kuwa ya baadaye, kazi ya wakulima wa Kibantu. Ile myekundu wengi wao huinasibisha na wawindaji wa kale, jamaa za Wasandawe na Wahadzabe wa leo.

Jumba hili halina mfalme. Waliolipamba ni wawindaji na wakulima, watu wa kazi, nao walifanya hivyo kwa muda usiopungua miaka 2,000. Mary Leakey na mumewe Louis walikaa huko mwaka 1951 wakiinakili michoro hiyo, na mwaka 2006 UNESCO iliiandika eneo la kilometa za mraba 2,336 katika Urithi wa Dunia.

Basi, hatari iko wapi? Iko mikononi mwetu. Wapo wamwagao maji ukutani ili rangi ing'ae kwa picha moja, na maji huondoka na rangi. Wapo waandikao majina yao. Wapo pia wachimbao chini ya majabali wakitafuta mali waliyodanganywa kwamba Wajerumani waliificha. Hawapati dhahabu, bali huharibu udongo wenye habari za mababu.

Jambo la wazee ni tofauti, na halifai kuchanganywa na hayo. Mungumi wa Kolo ni mahali pa matambiko ya kuomba mvua na afya. Ni kweli kwamba pombe inyunyizwayo penye michoro huidhuru. Lakini kumfukuza mzee kwa ajili ya mgeni ni kuligeuza jabali lililo hai kuwa jumba tupu kama lile la Versailles, ambalo wenyewe waliondoka, wakabaki watazamaji. Waliolitunza kabla ya sheria yoyote ni wenyeji. Inafaa wataalamu waketi nao, wapatane wapi tambiko lifanyike ili ukuta usiguswe, na vijana wa Kolo wapate riziki katika kazi ya kuongoza wageni.

Matawi ya vyama vya wafanyakazi hupanga safari kila mwaka. Twawashauri wapange ya Kolo. Waende asubuhi, wamsikilize kiongozi, wasiguse ukuta, wasiondoke na kitu. Lisilotembelewa na wenyewe halikosi kupata mwenyewe mwingine.