Mwanasheria, Mwanadiplomasia na Kura 59

Miongoni mwa wanasheria waliojitosa mwaka 2015 katika kinyang'anyiro cha kuwania urais wa Tanzania kwa tiketi ya chama tawala, CCM, walikuwamo wawili waliopanda kwa njia tofauti: Mizengo Pinda wa Mpanda, Waziri Mkuu tangu Februari 2008 na mbunge aliyepigiwa kura jimboni tangu mwaka 2000, na Dk. Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea.

Migiro alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kupata shahada ya uzamivu Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992. Bungeni aliingia mwaka 2000 kwa viti maalum, yaani nafasi za wanawake zinazogawanywa kwa vyama kulingana na kura, hivyo hakulazimika kuomba kura kijiji kwa kijiji. Mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Mambo ya Nje, na mwaka uliofuata Ban Ki-moon akamteua Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, wadhifa wa pili kwa ukubwa katika chombo hicho, alioushika hadi 2012.

Wasifu huo ulitosha kumvusha kwenye mchujo, ambao ndio mtihani wenyewe: Kamati Kuu hubakiza majina matano, Halmashauri Kuu matatu, kisha Mkutano Mkuu, wenye wajumbe kutoka kila mkoa, humchagua mmoja. Pinda, pamoja na uwaziri mkuu wake, hakuingia hata tano bora. Migiro alifika tatu bora, lakini Dodoma, Julai 2015, John Magufuli alizoa kura 2,104, Amina Salum Ali 253, na yeye 59. Ni vigumu kuamini kwamba wajumbe walipima elimu. Mtu aliyekaa miaka mitano New York hana mtandao wa wajumbe mikoani, na Magufuli, waziri wa barabara kwa miaka mingi, alikuwa amefika kwao.

Mwaka 2016 Migiro alirudishwa kwenye diplomasia, akiiwakilisha Tanzania London kama Balozi. Agosti 2025 chama hichohicho kilimfanya Katibu Mkuu wake, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho, ambacho mwenye nacho ndiye msimamizi wa shughuli za chama za kila siku, michujo ya wagombea ikiwamo.