Zimwi Likujualo: Watoto, Muhogo na Panya wa Mama Ngina

Idi ina madeni mengi, na lililo zito kuliko yote ni deni la watoto. Mtu mzima akiahidiwa kanzu ya Idi na asiipate, atanung'unika siku moja kisha atasahau. Mtoto akiahidiwa jambo hulihesabu kwa vidole tangu mwezi wa Ramadhani unapoandama, na siku ikifika husimama mlangoni akimtazama mwenye kuahidi usoni.

Deni la Idi ya Mfungo Mosi iliyopita halikuwa langu mimi, lilikuwa la mwanangu. Yeye yuko Abu Dhabi kikazi, kama walivyo vijana wengi wa hapa kwetu Mombasa, na watoto wake wawili wako kwangu Mji wa Kale pamoja na mama yao. Wa kiume ana miaka saba, wa kike minne. Aliwaahidi kwa simu kwamba Idi atakuja mwenyewe, awapeleke mahali wakale chakula pamoja na Panya. Ruhusa ya kazini haikupatikana. Badala yake zikaja fedha na maneno haya: "Shikamoo Baba. Nisitiri. Wapeleke watoto wakale na Panya, na unitumie picha ya huyu mdogo akicheka."

Huyu mdogo alimtaja kwa sababu yake. Mara ya mwisho mwanangu alipokuja likizo, binti huyu alikuwa na miaka miwili. Baba mtu aliingia mlangoni na masanduku na zawadi, akanyosha mikono. Mtoto akakimbilia nyuma ya bibi yake, akalia mpaka usiku. Wiki tatu zikapita, na alipoanza kumzoea, ndege ikawa imefika. Mwanangu hakusema kitu siku ile, lakini mimi niliona.

MLO WENYEWE NI NINI?

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza: kula na panya ni kula kwa namna gani, nasi panya tunamfukuza jikoni?

Asili yake ni Marekani. Panya mwenyewe ni Mickey Mouse wa Walt Disney, aliyeanza kujulikana katika sinema mwaka 1928. Mwaka 1955 Disney alifungua bustani yake ya michezo California, na mwaka 1971 kampuni yake ikafungua nyingine kubwa zaidi huko Florida. Katika bustani hizo iko mikahawa ambayo watoto huketi mezani na wazazi wao, na watu waliovaa mavazi ya Panya, Bata na wenzao hupita meza baada ya meza, wakisalimia, wakipigwa picha, wakitia sahihi katika vijitabu vya watoto. Waliofunika vichwa kwa vinyago hawasemi hata neno moja. Kazi yao yote ni ishara. Mlo mmoja wa namna hiyo kwa mtu mzima huweza kupita dola 50, na meza huagizwa mapema.

Jambo hilo limekwisha sogea karibu nasi. Katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, bustani ya Warner Bros. World ilifunguliwa mwaka 2018, na mwezi wa Mei 2025 kampuni ya Disney ilitangaza kwamba nayo itakuwa na bustani yake kisiwani humo. Mwanangu hupita huko akienda kazini. Basi ndipo ahadi ilipotoka.

Hapa kwetu Idi ya watoto ilikuwa na njia yake. Mtoto alipokwisha pokea mkono wa Idi kutoka kwa jamaa, alikwenda kwenye mabembea, na jioni akapelekwa Mama Ngina kula muhogo na kutazama meli. Nami nilifanya hivyo nilipokuwa mdogo, na mwanangu nilimfanyia hivyo hivyo. Lakini ahadi ni ahadi. Nikauliza huku na huku, nikaambiwa kwamba siku ya pili ya Idi, huko huko Mama Ngina, kutakuwa na hema la watoto, na ndani yake Panya. Nikashukuru, deni litalipwa bila ya kupanda ndege.

HEMANI

Mama Ngina ya leo si ile ya ujana wangu. Ilitengenezwa upya, zikawekwa njia za kutembelea na mabaraza ya kukalia, na tarehe 20 Oktoba 1999 ukiiongezea miaka 20, yaani mwaka 2019, sherehe za taifa za Siku ya Mashujaa zilifanyiwa hapo. Lakini mibuyu iko pale pale, na bahari haijahama. Mlango wa bandari ya Kilindini uko chini ya miguu yako, na meli ikiingia hupita karibu hata mtoto akapunga mkono akitumaini kujibiwa.

Tuliswali Alasiri tukatoka: mimi, bibi yao na watoto wawili. Mama yao alibaki na wageni. Hemani nililipa Sh. 1,000 kwa kila mtoto. Palikuwa na sahani za chipsi na kuku, soda, na muziki uliotoka katika kipaza sauti kikubwa kuliko haja. Watoto walipangwa mstari.

Panya akaja. Alikuwa mrefu kuliko mimi, na kichwa chake kikubwa mithili ya sufuria ya pilau ya harusi. Alikuwa na glavu nyeupe, macho yasiyopepesa, na kicheko kilichoshonwa ambacho hakikubadilika hata alipogeuka. Mjukuu wangu wa kiume akacheka, akampa mkono. Wa kike akaganda kama kijiti.

Hapa ndipo nilipokosea, nami nakiri. "Nenda mamangu," nikamwambia, "ni Panya tu huyo." Akatikisa kichwa. Nikamsukuma kidogo kwa nyuma. Akashika kanzu yangu kwa mikono miwili. Nyuma yetu watu walikuwa wakingoja, na mimi akilini mwangu mlikuwa na vitu viwili tu: ile elfu niliyotoa, na ile picha niliyoagizwa. Nikambandua vidole, nikamwinua, nikamweka mikononi mwa Panya, nikatoa simu.

Alipiga ukelele ambao sijausikia kwake tangu alipozaliwa. Mwili wote ulimtetemeka, na gauni lake jipya la Idi likalowa. Panya ndiye aliyefahamu kabla yangu: alimweka chini upesi, akarudi nyuma hatua tatu, akaficha mikono yake mikubwa mgongoni. Kaka mtu akanitazama kwa hasira. "Babu, si alisema hataki?"

Bibi yao hakusema kitu mbele ya watu. Alimchukua mtoto, akamtawadha, akambadilisha nguo, maana wanawake wetu hawatoki na mtoto bila ya nguo ya akiba kikapuni. Tulipofika nje ndipo aliponiuliza, "Mzee, ulikuja kumlisha mtoto au kulisha simu?"

Sikuwa na jibu.

CHINI YA MBUYU

Tukaenda kukaa chini ya mbuyu. Nikanunua muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati, ukatiwa chumvi na pilipili ya unga na kukamuliwa ndimu. Wa binti nikaomba usitiwe pilipili. Nikanunua na madafu. Muuzaji hakumwuliza mtoto kwa nini macho yake mekundu. Alimchongea kijiko katika ganda la dafu lenyewe, akampa, akaendelea na kazi yake. Binti akala kimya, mgongo wake umeegemea kifua cha bibi yake.

Baadaye, upande wa pili wa mbuyu, akaja kijana kukaa. Alikuwa Panya, ila kichwa amekibeba kwapani. Nywele zilikuwa zimemgandamana kwa jasho kana kwamba ametoka kuzamia. Nilitaka kumwonya aondoke, lakini binti alikwisha mwona. Alikitazama kile kichwa, kisha akamtazama mtu, kisha akakirudia kichwa.

Kijana hakumwita, wala hakumchekea. Alifanya jambo moja tu: alikigeuza kile kichwa kikatazama shina la mti. Halafu akakaa chini, akaielekea bahari, akasema kama mtu anayejisemea, "Mle ndani mna joto."

Meli ya makasha ilikuwa ikiingia, imesindikizwa na tagi. Sote tukaitazama mpaka ikapita. Ndipo binti akauliza, kichwa nusu nyuma ya bega la bibi yake:

"Ndiwe ulokuwa ndani?"

"Ndimi."

"Umekula?"

"Sijala tangu asubuhi."

Akafikiri. Kisha akainuka, akachukua kipande cha muhogo katika karatasi ya kaka yake, akakipeleka mwenyewe, hatua kwa hatua, bila ya mtu kumsukuma. Kijana akasema Bismillahi, akakipokea kwa mkono wa kulia, akakitia kinywani chote. Kilikuwa na pilipili nyingi. Machozi yakamtoka, akapapasa huku na huku akitafuta maji. Binti akacheka mpaka akakaa chini.

Nikamwomba kijana ruhusa ya picha. "Chukua, Mzee," akasema, "ila kile kichwa kisionekane. Watoto wengine wako njiani."

MANENO KWA WAZAZI

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi hulitumia neno hili tukizungumza habari za jamaa na majirani, lakini mtoto mdogo huliishi kama lilivyo. Kwake yeye kila asiyemjua ni zimwi, hata akija na zawadi, hata akiwa na kicheko kilichoshonwa usoni. Hajui kwamba ndani ya kitambaa mna mtoto wa jirani anayetafuta riziki yake ya halali. Anachokiona ni jicho lisilopepesa.

Katika dini yetu imepokewa habari ya Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, S.A.W., ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Mtume alimfundisha alipokuwa akila naye: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho karibu naye. Mafunzo yale yalitolewa na mkubwa aliyeketi na mdogo kwenye sahani moja. Ndiyo sababu kula pamoja kuna nguvu kuliko zawadi. Na hata ule mlo wa Florida, ukiutazama vizuri, una busara hiyo moja: mtoto hukaa mahali pake, karibu na mama yake na chakula chake, na Panya ndiye anayekuja mezani.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukiwapeleka wadogo penye vinyago, mwambie mtoto tangu nyumbani kwamba ndani mna mtu, tena anayesikia joto na njaa. Mlishe kwanza, kwani njaa na hofu zikikutana hazizuiliki. Mwache atazame kwa mbali kadiri apendavyo. Akisema hataki, hataki. Mkubwa wake akiweza, si sheria naye aweze. Na simu ibaki mfukoni mpaka mtoto aende kwa miguu yake mwenyewe.

Usiku ule nilimpelekea mwanangu picha. Punde akapiga simu. "Baba, Panya yuko wapi? Namwona kijana analia, na mtoto yuko chini."

Nikampa simu binti amweleze mwenyewe. "Panya ni huyo," akamwambia. "Kala muhogo wangu."

Mwanangu alicheka. Kisha akanyamaza, halafu akaniuliza mimi kwa sauti ya chini, "Nikija, atanikimbia tena?"

Nilimjibu hivi: Huenda akakukimbia. Ukifika mlangoni, masanduku yaache nje na mikono usiinyoshe. Salimia, kaa chini barazani, utazame upande mwingine. Omba kipande cha muhogo, useme una njaa. Kisha ungoje.

Amesema Idi ya Mfungo Tatu atakuja, inshallah. Binti ameanza kuhesabu kwa vidole.