Furahia jioni ya Kakuma, lakini mwangalie mbwa wako

Na Daktari Wetu

ALIYEWAHI kuishi Kakuma au Lodwar anajua kwamba starehe ya huko ni jioni. Mchana joto hufika nyuzi 35 na zaidi, na kila mtu hutafuta kivuli. Jua likizama, mikeka hutandikwa uani, watoto hucheza, na mbwa waliolala mchana kutwa huamka. Mvua za Oktoba na Novemba zikinyesha, raha huongezeka: migunga huchipua, ndege husuka viota matawini, na upepo huwa mwanana.

Wewe msomaji uliyehamishiwa kazi huko, au unayekwenda kuwatembelea jamaa, furahia hali hiyo. Kukaa na wanyama huburudisha moyo. Hata hivyo, kuna ugonjwa mmoja ambao ni lazima uujue kabla ya kumpakata mbwa wa nyumbani. Nao ni haidatidi.

Ugonjwa huu huletwa na tegu mdogo asiyezidi milimita 7, anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mbwa mwenye tegu hao huonekana mzima kabisa, hana dalili yoyote. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi na kunata kwenye manyoya. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyala pamoja na majani, hupata vifuko vya maji katika ini na mapafu. Mnyama huyo akichinjwa, na mbwa akatupiwa ini hilo, mzunguko huanza upya.

Wengi hudhani mtu huambukizwa kwa kula nyama ya mbuzi mwenye vifuko hivyo. Sivyo. Binadamu huambukizwa kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa, kupitia mikono, chakula au maji. Mahali penye uhaba wa maji, mbwa wameachiwa kuwalamba watoto wachanga ili kuwasafisha. Tusiwalaumu akina mama; lawama ni ya ukosefu wa maji.

Jua kali la Turkana huyaua mayai haya upesi. Lakini ndani ya nyumba, kivulini na penye unyevu, huishi kwa siku nyingi. Kwa hiyo msimu ule ule wa mvua tunaoufurahia ndio unaoyapa uhai mrefu.

Dalili

Kifuko hukua polepole, pengine kwa miaka mingi, bila maumivu. Baadaye tumbo huvimba, upande wa kulia huuma, au mgonjwa hukohoa na kubanwa na kifua. Kikipasuka ghafla, mwili unaweza kushtuka vibaya na mtu akafa. Kipimo ni picha ya mawimbi ya sauti, ile ile wanayopigwa akina mama wajawazito. Tiba ni dawa ya albendazoli, kufyonzwa maji kwa sindano, au upasuaji, kulingana na kifuko kilivyo. Usijinunulie dawa, mwone daktari.

Turkana imewahi kuwa na viwango vya ugonjwa huu vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha kampeni kaskazini magharibi mwa eneo hilo, kwa kuwatibu mbwa, kuwapima watu na kuwafanyia upasuaji. Tangu hapo ugonjwa umepungua, ingawa haujaisha.

Kinga

Mpe mbwa wako dawa ya minyoo, prazikwanteli, kila baada ya wiki 6, kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Usimtupie ini wala mapafu mabichi. Yachemshe vizuri, yachome au yafukie kwa kina. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika na kabla ya kula. Usimwache alambe uso wa mtoto wala vyombo. Funika maji ya kunywa.

Na kwa kuwa jioni hizo nge na nyoka nao hutoka, tembea na tochi, vaa viatu, na uvikung'ute asubuhi kabla ya kuvivaa.

Mbwa ni mlinzi na rafiki. Mtibu yeye, nawe utakuwa umeikinga nyumba nzima.